Ishirini Desemba, Sikukuu ya Waliopitia Kilwa

Desemba ndiyo hiyo imeingia. Kwetu Kilwa, kusini mwa Tanzania, mwezi huu una alama zake, hata asiye na kalenda ukutani anaujua. Korosho ziko ghalani, watu wanasubiri bei ya mnada, na baada ya mnada wanasubiri fedha. Upepo umegeuka, kaskazi imeanza kuvuma. Wenye mashamba wanatazama mawingu, maana mvua zetu hazigawanyiki vuli na masika kama za Tanga. Zikishika zimeshika, mpaka Aprili. Shule zimefungwa na wageni kutoka Dar es Salaam wanajaza mabasi. Tarehe 9 tunakumbuka Uhuru wa 1961, tarehe 25 ni Krismasi, na mwaka unakwisha.

Leo nataka tuzungumze kuhusu siku nyingine za mwezi huu, zile ambazo kwetu hazina gwaride, hazifungi ofisi, na watu wengi hawajapata kuzisikia. Desemba ina siku za namna hiyo tele. Tarehe 1 ni ya UKIMWI, hiyo tunaijua. Tarehe 3 ni ya watu wenye ulemavu, tarehe 5 ni ya udongo, na mkulima wa mihogo wa Njinjo angekuwa na mengi ya kusema siku hiyo kama angeulizwa. Tarehe 18 ni Siku ya Lugha ya Kiarabu, kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1973 Kiarabu kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa. Hapo Kilwa ina fungu lake: habari za masultani wetu wa zamani ziliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na nakala yake ya mwaka 1877 imehifadhiwa London.

Tarehe 22 nayo, nikuambie tu ingawa haina sherehe. Siku hiyo, mwaka 1938, huko East London, Afrika Kusini, mama mmoja mtunza makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, aliona katika shehena ya wavuvi samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Samaki huyo anaitwa silikanti. Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, hapa hapa Kilwa, walimtoa baharini mmoja, wa kwanza kuandikwa katika kumbukumbu za Tanzania. Siku nyingine, Mungu akipenda, nitampa kipindi chake peke yake.

Lakini kilichonileta mbele ya kipaza sauti leo ni tarehe mbili, ya 2 na ya 20.

Tarehe 2 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Kukomesha Utumwa. Iliwekwa kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1949 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mkataba wa kupinga biashara ya kuwauza watu. Siku hii inatazama zaidi mambo ya leo: mtoto anayechukuliwa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa mjini akaishia kufua na kupika bila mshahara, kijana anayepelekwa ng'ambo akanyang'anywa pasipoti. Ni mambo mazito, na yanatuhusu. Lakini siku yenyewe imetoka katika ofisi za mbali, inafika kwetu kama tangazo, na inapita.

Ya tarehe 20 ni habari nyingine kabisa. Hiyo haikutoka ofisini. Hiyo inachezewa ngoma usiku kucha, na wanaoicheza ni watu ambao baadhi ya mababu zao waliondokea pwani yetu hii.

Ukitoka Kilwa ukaelekea kusini mashariki baharini, ukaiacha Komoro, ukaizunguka Madagaska, Bukini ya wazee wetu, utakuta visiwa viwili ambavyo ramani zetu za shule huvipita haraka. Kimoja ni Mauritius, zamani Wafaransa walikiita Île de France. Cha pili ni Réunion, zamani Bourbon, na hadi leo ni sehemu ya Ufaransa. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 2,000. Kila mwaka tarehe 20 Desemba, Réunion nzima inafunga kazi. Watu wanaiita Fèt Kaf, sikukuu ya watu weusi, watu wenye asili ya Afrika. Kuna maandamano barabarani, kuna vyakula, na usiku kuna maloya, ngoma iliyozaliwa katika mashamba ya watumwa. Katika maloya utasikia ngoma kubwa ambayo mpigaji huikalia, na utasikia kayamb, chombo cha kutikisa kilichoundwa kwa mabua na kutiwa mbegu ndani, ndugu kabisa wa kayamba la pwani hii. Kwa miaka mingi maloya ilidharauliwa na kusukumwa pembeni. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Zipo familia ambazo bado huicheza kwa ajili ya mababu, kwa chakula na dua, jambo ambalo mzee yeyote wa huku akiliona atalitambua mara moja kuwa ni tambiko.

Wanasherehekea nini? Tarehe 20 Desemba 1848, mjini Saint-Denis, kamishna aliyetumwa kutoka Paris, jina lake Sarda Garriga, alitangaza kwamba utumwa umekwisha kisiwani. Waliowekwa huru siku hiyo walizidi 60,000, zaidi ya nusu ya wakazi wote. Sheria ya kuifanya siku hii ikumbukwe rasmi ilipitishwa na Ufaransa mwaka 1983. Kabla ya hapo wengi waliikumbuka wenyewe kwa wenyewe, majumbani.

Sasa, ndugu msikilizaji, sogea karibu na redio, kwa maana hapa ndipo Kilwa inapoingia.

Katika miaka ya 1770 alifika Kilwa Kisiwani Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, aliyekuwa tabibu kabla ya kugeuka mfanyabiashara. Visiwa vile vya Wafaransa vilihitaji mikono ya kulima, na yeye alitafuta mahali pa kuipata bila kupitia kwa Wareno wa Msumbiji. Mwaka 1776 akafanya mkataba na Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa. Mkataba ni mfupi, na kila kifungu chake kinauma. Sultani aliahidi kumpa Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 za fedha kila mmoja. Juu ya kila kichwa sultani apate zawadi ya piasta 2. Mfanyabiashara mwingine yeyote asinunue mpaka Morice ametosheka. Apewe na ngome, aweke humo mizinga aitakayo. Na mkataba udumu miaka 100.

Miaka 100! Watu wale hawakuwa wakiuza majirani zao na mateka wa bara tu. Waliwauza pia wajukuu wa vitukuu, watu ambao hawajazaliwa na ambao mama zao hawajazaliwa.

Mkataba wenyewe haukudumu hivyo. Baada ya miaka kama kumi Waomani waliitwaa Kilwa, na mwaka 1810 Waingereza waliviteka visiwa vile viwili, ingawa Bourbon ilirudi baadaye kwa Wafaransa. Lakini majahazi na merikebu ziliendelea kwenda huko kwa miaka mingi, kwanza kwa uwazi, kisha kwa kificho. Waliochukuliwa walitoka mbali: Wayao, Wamakua, Wangindo, watu wa Ziwa Nyasa. Walipofika kule waliandikwa wote kwa jina moja, Msumbiji, hata kama mtu hajawahi kuikanyaga Msumbiji maishani mwake. Kabila lake, ukoo wake, jina alilopewa na bibi yake, vyote viliishia ufukweni. Ndiyo maana leo mtu wa Saint-Denis akitafuta asili yake anafika kwenye neno hilo moja na njia inakatika.

Kuna jambo jingine ambalo hunisumbua kila ninapolifikiri. Kutoka visiwa hivyo hivyo vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, mkarafuu uliletwa Unguja. Karafuu ilipostawi Unguja na Pemba, mashamba yakahitaji watu, na Wazungu wa Bourbon walipoanza kubanwa, mnunuzi mpya alikuwa keshapatikana hapa jirani. Kazi ya kupokea misafara kutoka bara ikawa ya Kilwa Kivinje. Mji ule mzuri wa mivinje, wenye nyumba za mawe zinazoanguka polepole leo, ulijengeka kwa pembe, kwa sandarusi, na kwa watu. Hesabu za forodha zipo. Kati ya mwaka 1862 na 1867, miaka mitano tu, watumwa waliopitishwa Kilwa walikuwa 97,203. Wengi wao, zaidi ya 76,000, walikwenda Unguja. Waliobaki walikwenda kwingine. Na hao ni wale waliolipiwa ushuru. Waliopita usiku hawamo. Waliokufa njiani kati ya Nyasa na bahari hawamo.

Nakuomba ukipita Kivinje uitazame ile pwani ukiwa na hesabu hiyo kichwani. Gawanya kwa siku. Ni zaidi ya watu 50 kila siku, Ijumaa na Jumapili, Ramadhani na mfungo mosi, miaka mitano mfululizo.

Mwaka 1873 Sultani Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, alikubali kulifunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia kuwasafirisha kwa bahari. Wafanyabiashara wakageuka, wakawa wanawapeleka kwa miguu kando ya pwani kutoka Kilwa kuelekea kaskazini. Basi mwaka 1876 Barghash akapiga marufuku na misafara ya nchi kavu. Umeona? Ile miaka 100 ambayo Morice na Sultani Hasan walijiandikia mwaka 1776 ilitimia mwaka ule ule. Na hata hapo haikuisha. Wajerumani walitawala bara hili bila kuufuta utumwa moja kwa moja. Walitamka tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Desemba tena! Mama abaki mtumwa, mtoto awe huru. Sheria iliyoufuta kabisa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mtu aliyezaliwa mwaka huo angekuwa na miaka 39 siku ya Uhuru.

Wala Réunion tusidhani uhuru ulishuka mzima. Ufaransa ilikuwa imeufuta utumwa mara ya kwanza mwaka 1794, lakini mabwana wa visiwani walikataa, na wajumbe waliotumwa Île de France mwaka 1796 kuitekeleza amri walifukuzwa. Hata mwaka 1848 Sarda Garriga aliwataka wanaowekwa huru wawe na mkataba wa kazi kwanza, ili miwa isikose wakataji. Fidia ilitolewa kweli, lakini walilipwa waliokuwa na watumwa. Aliyefanyishwa kazi miaka 40 hakupata hata senti. Alichopata ni jina la ukoo alilochaguliwa na karani, likaandikwa kitabuni. Na mara baada ya hapo mawakala walirudi pwani ya Afrika Mashariki kutafuta wafanyakazi wa mkataba, ambao wengi wao walinunuliwa kwanza ndipo wakaandikishwa kuwa watu huru, hadi Napoléon III alipoizuia biashara hiyo mwaka 1859. Watu wa Réunion wanayajua haya yote, na bado tarehe 20 wanatoka wanacheza. Wanacheza wakiwa wanajua.

Sisi je? Kivinje kuna mnara wa kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji. Kuna habari ya Mwembe Kinyonga, pale Wajerumani walipowanyongea waliowapinga. Hayo tunawaonyesha wageni, na ni haki yetu, maana vita vile viliwaka katika vilima vya Umatumbi, wilaya hii hii. Ile njia ya misafara ya katikati, ya Ujiji hadi Bagamoyo, tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya Tanzania ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Njia ya kusini, ya Nyasa hadi Kilwa, haimo. Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981, lakini kwa misikiti na majumba ya fahari ya wakati wa biashara ya dhahabu ya Sofala. Hao 97,203 hawana mnara, hawana siku.

Sababu ya kimya hiki naijua, na wewe unaijua. Maji Maji ni habari ambayo kila mtu anataka babu yake awemo. Hii nyingine, nani anaitaka? Katika mtaa mmoja wa pwani wanaishi watoto wa aliyeuza, watoto wa aliyeuzwa, watoto wa aliyekopesha fedha za msafara na watoto wa mpagazi. Wameoana. Wamezikana. Watu wa kale walipoachwa huru walijichanganya na mji, wakachukua majina ya mji, wakaingia katika zikiri za tarika za Kadiria na Shadhilia, ambamo mwana wa mungwana na mwana wa mtumwa walishikana mikono katika duara moja. Mtu hakuulizwa babu yake alikujaje. Hiyo ilikuwa sitara, na mimi naiheshimu sana. Bila sitara ile pwani hii isingekalika.

Hata hivyo sitara ya mtu na kimya cha mji ni mambo mawili. Unaweza kuwakumbuka waliopita hapa bila kumnyooshea kidole yeyote aliyebaki. Hakuna haja ya kuulizana nasaba, wala kutafuta nani alaumiwe barazani. Mkataba wa mwaka 1776 una majina mawili, la Mfaransa na la sultani, na wote wawili wamekufa zamani. Lakini yupo bibi katika kijiji cha Réunion anayemwashia babu yake mshumaa tarehe 20 Desemba na hajui amwelekezee upande gani wa bahari. Upande wenyewe ni huku. Mimi naona ni deni letu kumwambia.

Ndiyo maana ninapendekeza, na ninalipendekeza kwa moyo wote, Kilwa tuiingize tarehe 20 Desemba katika siku zetu. Sisemi iwe mapumziko ya taifa. Nasema iwe siku ya Kilwa. Wanaosoma hitma wasome hitma, kwa sababu wako waliokufa ufukweni wakatupwa bila sanda. Makanisani waombewe, kwa sababu wengi wa waliopelekwa visiwani walibatizwa huko bila kuulizwa. Na wenye tambiko lao kutoka bara, Wayao, Wamwera, Wangindo, wafanye lao, kwa sababu wengi wa waliouzwa hawakuwa Waislamu wala Wakristo. Walikuwa watu wa mizimu ya kwao, na mizimu hiyo ndiyo waliyokuwa wakiiita walipokuwa wakipandishwa jahazini. Walimu wa historia wapo likizo, ni kweli, lakini wapo nyumbani, na watoto pia wapo. Wenye vikundi vya ngoma wapo. Kayamba zipo.

Na lifanyike jambo moja ambalo halihitaji bajeti ya wizara yoyote. Ule mkataba wa Morice na Sultani Hasan utafsiriwe kwa Kiswahili, wote, kifungu kwa kifungu, bei, zawadi na ile miaka 100. Asubuhi ya tarehe 20 usomwe kwa sauti Kilwa Kisiwani, karibu na ngome ya Gereza, na mtu wa pale pale kisiwani. Baada ya mkataba isomwe ile hesabu ya forodha, mwaka kwa mwaka: 18,500, 17,500, 16,821, 22,344, 22,038. Kisha lisomwe tangazo la Saint-Denis la tarehe 20 Desemba 1848, nalo kwa Kiswahili, ili waliosikia namna watu walivyoondoka wasikie pia siku ambayo wajukuu zao waliambiwa kuwa wako huru. Vyote vitatu vitachukua nusu saa. Boti za Kilwa Masoko huvuka tangu alfajiri, na anayetaka kufika atafika.